Karia kwenye waya wa nguzo: kujenga laini ya kilometa 4 na kupitisha maongezi mawili kwa jozi moja

Jozi moja ya waya juu ya nguzo inaweza kubeba maongezi mawili kwa wakati mmoja bila wasemaji kusikiana. Maongezi ya kwanza yanapita kama yalivyotoka mdomoni, sauti ya kati ya Hz 300 na 3,400. Ya pili yanapandishwa kwanza hadi masafa ya juu zaidi, yanasafiri humo, kisha upande wa pili yanashushwa na kuwa sauti tena. Kazi hiyo ya kupandisha na kushusha ndiyo karia. Njia ya kwanza ya kibiashara ya namna hii ilifunguliwa Marekani mwaka 1918 kati ya Baltimore na Pittsburgh. Miaka ya 1920 ukaja mtambo wa njia 3 uliofanya kazi chini ya kHz 30, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 jozi moja ilikuwa ikibeba njia 12 hadi kHz 143. Leo kazi hiyo imechukuliwa na redio na nyuzi za kioo. Hata hivyo mwanafunzi anayetaka kuielewa simu kwa mikono yake anafaidika sana na waya wa nguzo, kwa sababu kila kipande kinaonekana na kila kipande kinapimika.

Maelezo haya ni ya laini ya kilometa 4 yenye simu ya kawaida na karia moja juu yake. Inafaa chuo cha ufundi Mbeya, shule yenye eneo kubwa Iringa, au shamba la chai Mufindi lenye ofisi huku na kiwanda kule. Laini ikibaki ndani ya ardhi ya mwenye nayo, mambo ni mepesi. Ikitoka nje, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na wenye barabara waulizwe kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Isifungwe kwenye nguzo za shirika la umeme, TANESCO, wala isipite chini ya nyaya zao bila wao wenyewe kuja kuona.

Kabla ya kununua hata nati moja, shikeni hili: nyaya mbili za jozi lazima zifanane kwa kila kitu. Urefu, unene, viungo, mlegeo, vikombe vya kuzuia umeme kuvuja, umbali kutoka ardhini, vyote. Mvumo wa umeme wa jirani, radi ya mbali na kelele za jozi nyingine huingia kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja. Zikifanana, kelele hizo zinafika mwisho zikiwa sawa na transfoma inazifuta, maana yenyewe hupokea tofauti tu kati ya waya na waya. Waya mmoja ukipungukiwa, tofauti inazaliwa na kelele inaingia sikioni. Karibu kila agizo lililo hapa chini limetokana na jambo hilo moja.

Nguzo na vikombe

Nguzo zikae mita 50 kutoka moja hadi nyingine. Kwa kilometa 4 mnahitaji nguzo 81, zenye urefu wa mita 7, zikizama mita 1.3 ardhini. Chukueni mikaratusi iliyotiwa dawa kwa mgandamizo. Mafinga na Njombe biashara hiyo ipo na nguzo zinapatikana bila kusafiri mbali. Nguzo mbichi ya msindano itasimama vizuri mwaka wa kwanza, halafu mchwa na maji wataila pale inapokutana na udongo. Kila kona na kila mwisho wa laini uwe na stei, waya wa kushikilia uliofungwa upande ulio kinyume na mvuto. Maeneo ya upepo kama Makambako wekeni stei za pembeni pia, kila baada ya nguzo 10 hivi.

Mkono wa nguzo uwe na vikombe viwili vya kauri vilivyoachana sentimita 30. Umbali huo usibadilike njiani, kwa sababu unene wa waya na nafasi kati ya nyaya ndivyo vinavyoamua impedansi ya laini, yaani ukinzani ambao mawimbi hukutana nao yakiingia humo: zidisha nafasi mara mbili, gawanya kwa kipenyo cha waya, tafuta logi yake, zidisha kwa 276. Waya wa milimita 3.25 kwa nafasi ya milimita 300 unatoa omu 625, na ndiyo maana vifaa vya simu vya waya wa nguzo hutengenezwa kwa omu 600. Agizeni vikombe 200. Vinavyohitajika ni 192, na vichache havikosi kupasuka wakati wa kufunga. Kikombe chenye ufa kitupwe hapohapo, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele. Siku ya jua hauonekani kwenye kipimo, lakini mvua ikinyesha maji yanaingia humo na waya unaanza kuvuja kuelekea ardhini.

Waya gani

Laini halisi za masafa marefu zilitumia shaba ngumu, na hesabu inaonyesha sababu. Kwenye masafa ya juu mkondo hukimbilia ngozi ya waya, na ndani ya chuma ngozi hiyo ni nyembamba kuliko ya shaba, maana chuma kina usumaku. Shaba ya milimita 3.15 hupoteza karibu desibeli 0.08 (desibeli ni kipimo cha nguvu kupungua au kuongezeka) kwa kilometa kwenye kHz 30, wakati wa kiangazi. Iringa hadi Mbeya ni takriban kilometa 330, yaani desibeli 26 hivi, na mvua inaongeza sana juu ya hapo. Kwa mtambo wa njia 3 ungehitaji kituo kimoja cha kukuza sauti katikati, na Makambako ndipo mahali pake. Kwa njia 12 zinazofika kHz 143, upotevu unazidi kidogo mara mbili ya huo, na vituo vingehitajika kila kilometa 80 hadi 100 hivi. Waya wa chuma kwa umbali huo usingefikisha kitu.

Lakini kilometa 4 si 330. Waya wa fensi uliopakwa zinki, geji 10 (milimita 3.25), hupoteza takriban desibeli 1 kwa kilometa kwenye masafa tutakayotumia, kutegemea chuma chenyewe. Desibeli 4 zinafidiwa na ampi (kikuza sauti) ndogo. Kwa laini ya mafunzo sisi tunauchagua waya huo bila kusita: unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, una nguvu, na hakuna mwizi atakayeupandia nguzo usiku. Nunueni mita 8,250, karibu kilo 530. Nyaya zote mbili zitoke kiwanda kimoja na, ikiwezekana, mzigo mmoja. Shaba laini ya kufungia umeme nyumbani isitumike hapa, kwani inavutika kwa uzito wake na baada ya miezi michache waya mmoja unaning'inia chini ya mwenzake.

Mlegeo hupimwa kwa saa. Kwa nafasi ya mita 50 tunataka waya ulegee sentimita 33 katikati, ambapo mvuto wake ni takriban kilo 60. Fundi asimame juu ya ngazi, aweke kiganja juu ya waya karibu na kikombe, aupige pigo moja kwa upande wa mkono. Wimbi litakimbia hadi nguzo ya pili na kurudi, naye atalisikia kiganjani kama mgongo mdogo unaopita. Ahesabu marejeo 5: yachukue sekunde 5.2. Yakichukua sekunde 6 waya umelegea mno, umefika sentimita 44. Yakichukua sekunde 4.5 umekazwa kupita kiasi, na baridi ya Juni ikiufinyaza utavuta mikono ya nguzo. Kipimo hiki hakijali waya ni wa chuma au wa shaba, na kinafichua haraka kama nyaya mbili hazijakazwa sawa. Nyaya zisizolingana hugongana upepo ukivuma, na kila mgongano ni mkwaruzo kwenye simu.

Viungo viwe vichache, na kila kiungo cha waya wa kwanza kiwe na mwenzake kwenye waya wa pili. Safisha ncha kwa sandipepa hadi zing'ae, ingiza kwenye mfuko wa kubana, bana kwa koleo lake. Ukikosa mifuko, sokota kila ncha mizunguko 6 iliyobanana kisha tia lehemu. Msokoto mkavu usio na lehemu unapitisha umeme vizuri wiki ya kwanza, halafu kutu linajenga ukuta mwembamba katikati. Shaba na zinki zisigusane mahali penye umande, maana zinki italiwa. Pale waya wa laini unapokutana na kebo ya kuingilia ndani, tumieni kibano maalumu cha metali mbili na mkifunike.

Kupishanisha nyaya

Kila baada ya nguzo 5, waya wa kushoto uende kulia na wa kulia uje kushoto. Mkizihesabu nguzo kuanzia 0 hadi 80, mapishano yanakuwa kwenye nguzo ya 5, ya 10, ya 15 na kuendelea hadi ya 75: jumla 15, yakigawa laini katika vipande 16 vilivyo sawa. Waya ulioko karibu na laini ya umeme kwenye kipande kimoja unakuwa mbali kwenye kipande kinachofuata, na kelele zilizoingia zinasawazika mbili kwa mbili. Ndiyo maana vipande viwe namba shufwa. Nguzo ya mapishano hupata vikombe viwili vya ziada, ili nyaya zipite juu na chini zikiwa zimeachana angalau sentimita 10.

Pishano moja likisahaulika, vipande viwili vinajumlishana badala ya kufutana, na kuanzia hapo hadi mwisho mpangilio wote umegeuka. Kosa hili halionekani kwa multimita. Tembeeni laini nzima mkiwa na daftari, mwandike kila nguzo waya upi uko wapi. Kwenye masafa yetu wimbi moja lina urefu wa zaidi ya kilometa 10, kwa hiyo mita 250 kati ya pishano na pishano zinatosha kabisa. Kwenye kHz 143 wimbi ni la kilometa 2 tu, na laini za njia 12 zilihitaji mapishano ya karibu zaidi.

Radi

Novemba hadi Aprili nyanda za juu kusini hazina mzaha na radi. Kila mwisho wa laini uwe na kinga ya gesi ya volti 230 yenye miguu mitatu: miwili kwa nyaya, mmoja kwa ethi, yaani waya uliozikwa ardhini. Isiwe kinga mbili za miguu miwili miwili, kwa sababu moja itawaka kabla ya nyingine, na kwa muda huo mfupi volti zote za radi zinakaa kati ya waya na waya, zikiipita transfoma hadi kwenye dayodi. Ethi iwe chini ya omu 10. Udongo wa majivu ya volkano wa Mbeya na Rungwe hukauka haraka kiangazi, na fimbo moja mara nyingi haitoshi; pigilieni 3 zilizoachana mita 3 na kuziunganisha. Iringa kwenye mwamba wa granaiti fimbo haiingii, hivyo chimbeni mfereji wa mita 20 mlaze waya wa shaba humo. Radi ikianza kusikika, kazi ya laini inasimama na watu wanashuka kwenye ngazi.

Vipimo kabla ya kufunga chombo chochote

Fungeni ncha za mbali kwa shoti mpime ukinzani wa duara. Kwa geji 10 utakuwa kati ya omu 110 na 140. Kisha ncha zote mbili za mbali zipelekwe ethi, mpime waya wa kwanza hadi ethi, halafu wa pili hadi ethi. Ethi ni ileile, kwa hiyo tofauti ya namba hizo mbili ni tofauti ya nyaya. Isizidi omu 1. Ardhi huwa na volti zake ndogo zinazopotosha multimita, basi pimeni mara mbili mkigeuza miguu ya mita, mchukue wastani. Tofauti ikizidi omu 1, kuna kiungo kibovu. Kitafuteni kabla ya kuendelea, maana hakuna ampi itakayokitibu.

Ncha za mbali zikiwa wazi, pimeni uhami wa kila waya kuelekea ardhini kwa mega (mita ya kupimia uhami) ya volti 500. Kinga za radi zitolewe kwanza, zisije zikawaka. Pimeni saa 7 mchana na tena saa 12 asubuhi wakati wa ukungu. Namba za asubuhi zitashuka sana, na hilo ni la kawaida mradi nyaya zote mbili zishuke kwa kiasi kinachokaribiana. Mwisho, kwa multimita yenye kipimo cha kapasita, pimeni waya kwa waya. Laini hii ina karibu nF 5.3 kwa kilometa, yaani nF 21 kwa yote, na vikombe vinaongeza kidogo. Andikeni namba hiyo ukutani, itahitajika.

Vichujio vya laini

Hapa ndipo maongezi mawili yanapotenganishwa. Kichujio cha chini kinapitisha sauti na mlio wa kengele kwenda kwenye simu ya kawaida. Kichujio cha juu kinapitisha karia. Mpaka ni kHz 4. Jambo la kufurahisha ni kwamba, kwa omu 600 na mpaka huo, koili zote zinatoka mH 12 na kapasita zote nF 133, yaani nF 100 sambamba na nF 33. Kichujio cha chini: koili mbili, moja kwenye kila waya, halafu kapasita kati ya nyaya, halafu koili mbili tena. Kichujio cha juu ni kinyume chake: kapasita kwenye kila waya, koili kati ya nyaya, kapasita tena kwenye kila waya. Sehemu moja ya hivi haitoshi. Fungeni mbili mfululizo kwa kila kichujio, mtapata karibu desibeli 33 za kutenganisha kwenye kHz 6. Kila mwisho wa laini unakula koili 10 na kapasita 10.

Koili zisukwe kwenye viini vya feraiti vya umbo la chungu. AL ni namba ya kiini inayosema mzunguko mmoja unatoa nH ngapi. Kiini chenye AL 400 kinataka mizunguko 173, chenye AL 250 mizunguko 219, kwa waya wa milimita 0.2. Pimeni zote, kisha zipangwe mbili mbili zinazokaribiana: koili inayokaa kwenye waya wa kushoto na mwenzake wa kulia zisitofautiane zaidi ya asilimia 1. Mtu akiweka koili moja ya mH 24 kwenye waya mmoja tu, hesabu ya kichujio inabaki ileile lakini usawa wa laini umekufa. Kapasita ziwe za polyesta za volti 250 au zaidi, kwa sababu kengele ya kuzungusha kwa mkono hutoa volti 75 hadi 90.

Kituo cha karia

Masafa yanayoipandisha sauti nayo huitwa karia, na kupandisha huzaa kanda mbili za sauti ileile, moja chini ya karia na moja juu yake. Kituo A kinatuma kwa karia ya kHz 8, kituo B kwa kHz 16, na kila upande unatuma ukanda wa chini peke yake. Kwa hiyo A hadi B inatumia kHz 4.6 hadi 7.7, na B hadi A inatumia kHz 12.6 hadi 15.7. Pengo kati yao ni kubwa, nalo limeachwa makusudi ili sauti ya kutuma isirudi kwenye mlango wa kupokea.

Karia zote mbili zinatoka kwenye kristali moja ya MHz 4.096 na aisii ya CD4060: mguu wa 14 unatoa kHz 16, mguu wa 13 unatoa kHz 8. Ipeni volti 9 au 10. Kwa volti 5 aisii hiyo haina uhakika wa kukimbia MHz 4. Kristali za bei rahisi hukosea hadi sehemu 50 kwa milioni, na vituo viwili vikikosea kwa kupishana, tofauti kwenye kHz 16 ni Hz 1.6. Sikio halitaitambua.

Modyuleta, chombo cha kupandisha na kushusha sauti, ni pete ya dayodi nne za 1N4148 kati ya transfoma mbili za omu 600 zenye waya uliotolewa katikati ya koili. Chagueni dayodi kutoka kwenye fungu la 30 au 40: kwa miliampea 1, volti za zote nne zisiachane zaidi ya milivolti 5. Zipimwe zikiwa na joto moja. Vidole vilivyoshika dayodi vinatosha kuharibu kipimo. Kinachokamilisha kazi hii ni potenshiometa ya omu 100 inayosawazisha pete. Nguvu ya karia kwenye pete iwe angalau desibeli 10 juu ya sauti, ili karia ndiyo iwashe na kuzima dayodi na sauti ifuate tu.

Baada ya pete kuna kanda mbili, na moja lazima ife. Chujio la kuitupa ndicho kipande kigumu kuliko vyote kwenye kituo, nacho kinataka uvumilivu. Kwa karia ya kHz 8, kHz 7.7 ipite na kHz 8.3 iwe imeshuka desibeli 40. Kichujio cha eliptiki cha daraja la 7 kinafanya hivyo kama koili zina Q (kipimo cha ubora wa koili) ya 200 kwenda juu. Kwa karia ya kHz 16 pengo lilelile la Hz 600 ni asilimia ndogo zaidi, kwa hiyo Q ikaribie 300, na kapasita ziwe za polistirini. Ikishindikana, ongezeni mpaka wa chini wa sauti kutoka Hz 300 hadi 400. Sauti inakuwa nyembamba kidogo, lakini pengo linafika Hz 800 na kichujio kinajengeka.

Kuunganisha simu ya nyaya mbili na mtambo wa nyaya nne mnahitaji transfoma ya haibridi yenye mtandao wa kusawazisha: omu 600 mfululizo na kapasita ya µF 2.2. Kila kupita kunapoteza desibeli 3.5. Ampi za NE5532 zinatosha kote. Kwa sababu impedansi ya waya wa chuma iko juu ya omu 600 na hubadilika na masafa, wekeni punguzo la desibeli 3 kati ya kituo na kichujio cha laini ili mawimbi yanayorudi yatulie.

Kengele ya Hz 25 haipiti kwenye karia. Tumeni mlio wa Hz 2,280 na upande wa pili muupokee kwa NE567, aisii ya kutambua mlio, ikiwa na kapasita ya µF 0.1 na ukinzani wa karibu kilo-omu 4: resista ya 3.3 na potenshiometa ya 1. Kapasita hiyo isiwe ya kauri ya kawaida, itahama na baridi ya usiku wa Julai na kengele itaacha kulia alfajiri. Wekeni ucheleweshaji wa nusu sekunde, kwa kuwa sauti ya mtu inaweza kugusa Hz 2,280 kwa muda mfupi.

Kusawazisha viwango

Multimita nyingi hazisomi sawasawa juu ya Hz 1,000, kwa hiyo tumieni osiloskopu. Desibeli 0, yaani miliwati 1 kwenye omu 600, ni volti 0.775, na kwenye kioo cha osiloskopu ni volti 2.19 kutoka kilele hadi kilele.

Anzeni bila sauti yoyote. Zungusheni potenshiometa ya pete hadi karia inayovuja kwenye mlango wa laini ishuke chini ya milivolti 70 kilele hadi kilele. Kisha ingizeni mlio wa Hz 1,000 kwa desibeli 0 kwenye simu ya A. Baada ya haibridi na punguzo la desibeli 12.5, ufike kwenye pete ukiwa −16. Pete inakula karibu 6, kichujio karibu 2, na ampi ya kutuma inarudisha 24, hivyo kwenye mlango wa ampi hiyo, kabla ya punguzo la desibeli 3, muone kHz 7 kwa desibeli 0. Upande wa B rekebisheni ampi ya kupokea hadi simu ya B ipate −6. Rudieni kutoka B kwenda A. Safari hii kwenye laini mtaona kHz 15.

Kwa nini −6 na si 0? Kwa sababu haibridi haisawaziki kikamilifu, na sauti ya A ikifika B sehemu yake inarudi A, kisha B tena. Mzunguko huo ukikosa upotevu, mtambo unaanza kuimba wenyewe. Kwa −6 kila upande kuna akiba ya desibeli 12 hata simu zote mbili zikichomolewa. Mwanafunzi atashawishika kuongeza sauti kidogo. Aongeze kwenye spika ya simu, asiguse ampi ya kupokea.

Hitilafu na zinakotoka

Sauti inazama na kuibuka kwa mapigo, hasa sauti nene: ukanda wa pili haujauawa vizuri. Kanda mbili zinashushwa kwa karia inayotofautiana kidogo, zinafutana na kujumlishana kwa zamu. Tofauti ya Hz 1 inazamisha sauti mara 2 kwa sekunde. Rudini kwenye kichujio. Kristali haina kosa.

Maneno yanasikika lakini hayaeleweki, kama lugha iliyopinduliwa: karia ya kushushia iko chini ya ukanda badala ya juu yake, na masafa yamegeuka chini juu.

Mvumo wa Hz 50 kwenye simu ya kawaida huku karia ikiwa safi: waya mmoja unavuja kuelekea ardhini. Jani la mti, kikombe chenye ufa, nyasi ndefu. Kama unakuja asubuhi na kuondoka saa 4, tazameni vikombe kwa karibu kabla jua halijapanda. Mufindi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya chai, uzi wa buibui unaotoka kwenye waya hadi mkono wa nguzo huwa umejaa shanga za maji zilizogusana. Mchana uzi huo hauna madhara, lakini asubuhi ni resista. Mti mrefu wenye brashi ngumu, mara moja kwa mwezi, unamaliza tatizo.

Kelele kali kwenye karia peke yake, inayoanza jua likitoka: kidhibiti cha sola au invata ya jirani. Baadhi ya vifaa hivyo hukata na kuunganisha mkondo kwenye kHz 5 hadi 20, ndani kabisa ya ukanda wetu. Kituo chenyewe kiendeshwe na betri ya volti 12 na regyuleta ya kawaida, na kidhibiti cha sola kifungwe mita kadhaa mbali, nyaya zake zikiwa zimesokotwa.

Karia inayopanda na kushuka kila upepo unapovuma, ilhali multimita inasoma omu zilezile: kiungo chenye kutu. Mkondo wa mita ni mdogo na shwari, nao hupata mahali pa kupita. Kamba hukatikia pabovu, kwa hiyo mmoja atembee akitikisa kila kiungo kwa mti mkavu, mwenzake asikilize mlio wa kHz 7 kwenye kituo. Mlio ukikatika, kiungo ni hicho.

Waya ukikatika kabisa, msianze kutembea. Toeni vichujio na kinga za radi, chomoeni ncha za pande zote mbili, mpime kapasita ya laini kutoka kituo A. Kama ukutani mliandika nF 21 na sasa mita inasoma 13, gawanyeni 13 kwa 21, zidisheni kwa 4: kilometa 2.5, karibu na nguzo ya 50. Pimeni na kutoka B kwa uhakika; namba mbili zikijumlishwa zikaribie 21. Zikipungua sana, waya umekatika mahali pawili, na fundi wa pili aanzie upande wa B.